Wayunani na Waajemi: Vita Vyao na Majina Yao

Msomaji wa Kiswahili akutanapo na habari za vita vya kale baina ya Wayunani na Waajemi, amekwisha kuingia katika ugomvi wao kabla hajasoma mstari wa kwanza, wala hana habari. Maana ugomvi umo katika majina yenyewe. Jina Wayunani tumelipata kwa Waarabu, na Waarabu walilipokea kwa mataifa ya mashariki yaliyowatangulia. Asili yake ni Ionia, ile pwani ya Asia Ndogo penye miji ya Efeso na Mileto. Waajemi, katika maandiko waliyochora juu ya mawe, waliwaita watu hao Yauna; Waebrania walisema Yavani, kama tusomavyo katika Mwanzo 10. Wenyewe hawakujiita hivyo, walijiita Wahellene. Basi kila tusemapo Wayunani, twawaita kwa kinywa cha adui zao.

Na jina la adui zao je? Kwa Kiarabu, ajam ni watu wasiosema Kiarabu, watu ambao ulimi wao haueleweki. Hatimaye jina hilo likawakalia hasa watu wa Iran, nasi tukalipokea hivyo hivyo: Ajemi, Uajemi, Waajemi. Wao nao hawakujiita hivyo. Jambo la ajabu ni kwamba Wayunani walikuwa na neno la maana ile ile, nalo ni barbaroi, yaani wale ambao maneno yao, masikioni mwa Myunani, yalikuwa kama "bar, bar" tu. Hapo kwanza halikuwa tusi kubwa. Ni vita hivi tunavyotaka kuvieleza vilivyolitia uchungu, hata mtu akisikia barbaroi akawaza watumwa, ukatili na anasa.

Twaanza na majina kwa sababu mwalimu wa shule zetu ana shida ambayo mwalimu wa Ulaya hakuiona sana. Asubuhi huwasomea wanafunzi kitabu cha Ezra, na humo mfalme wa Uajemi ni mtu wa hisani: Koreshi aliyeutwaa Babeli mwaka 539 K.K. akawapa Wayahudi ruhusa ya kurudi kwao, na Dario ambaye katika mwaka wa sita wa kutawala kwake, yaani 515 K.K., nyumba ya Mungu ilimalizika Yerusalemu. Alasiri huwafundisha historia ya Wayunani, na humo mfalme wa Uajemi ni jitu la kiburi lipigalo bahari mijeledi. Mwanafunzi hadhani kuwa ni mtu yule yule. Lakini ndiye. Dario wa Ezra ndiye aliyelituma jeshi Marathon. Na mwanawe, ambaye Wayunani walimwita Xerxes, ndiye Ahasuero wa Biblia, kwa maana jina lake kwa Kiajemi cha kale lilikuwa Khshayarsha, nalo Waebrania walilitamka karibu zaidi kuliko Wayunani.

Karibu yote tunayoyajua juu ya vita hivi yatoka kwa upande mmoja. Wafalme wa Uajemi walichora mawe mengi, lakini juu ya Marathon na Salamis hawakutuachia neno. Shahidi wetu mkubwa ni Herodotus, na kwa bahati njema hakuwa mtu wa upande mmoja kabisa. Alizaliwa Halicarnassus, mji wa Kiyunani uliokuwa chini ya mfalme wa Uajemi, na mwanzoni mwa kitabu chake aeleza kuwa nia yake ni kuhifadhi matendo makuu ya Wayunani na ya barbaroi pia. Ndiye atuambiaye kwamba Waajemi huwafundisha vijana wao mambo matatu tu: kupanda farasi, kupiga upinde na kusema kweli. Miaka mia tano baadaye Plutarch alimkasirikia, akamwita mpenda-barbaroi. Kwetu sisi lawama hiyo ni sifa.

Sasa tuje kwenye vita. Koreshi alipoishinda Lidia, miji ya Ionia ikawa chini yake, ikatoa kodi na kupewa watawala wampendezao mfalme. Mwaka 499 K.K. ikaasi. Athene ikatuma merikebu 20, na Eretria 5. Mwaka uliofuata waasi wakapanda mpaka Sardi, makao ya liwali wa mfalme, wakauteketeza mji. Uasi ulikomeshwa. Mileto ulitwaliwa mwaka 494 K.K., wanawake na watoto wakafanywa watumwa. Mtu asifikiri kwamba hisani tuionayo katika Ezra iliwafikia waasi. Tena Herodotus asimulia kuwa Dario alimwamuru mtumishi wake amkumbushe Waathene mara tatu kila aandaliwapo chakula.

Akatuma wajumbe kudai udongo na maji, ndiyo dalili ya kumtii. Waathene waliwatupa wajumbe wale shimoni, na Wasparta wakawatupa kisimani, wakiwaambia wachote humo udongo na maji yao. Hapa wasomaji wetu, ambao katika kila kabila wamesikia kwamba mjumbe hauawi, watajua upi ni ushenzi. Wasparta nao walijua. Miaka ikipita wakaona wamepatilizwa, wakawapeleka watu wawili waliojitoa kwa hiari, Sperthias na Bulis, mpaka Shushani, wauawe kuwa fidia. Xerxes akawajibu kuwa hatafanya kama Wasparta walioivunja desturi ya watu wote. Akawaacha waende zao. Hadithi hii twaipata kwa Myunani, wala haimo katika vitabu vingi vya shule.

Mwaka 490 K.K. jeshi la Dario lilivuka bahari chini ya Datis na Artaphernes. Wakauchoma mji wa Eretria, wakashuka katika uwanda wa Marathon, safari ya siku moja kwa miguu kutoka Athene. Jina hilo maana yake ni mahali penye shamari, kwa mmea uotao huko. Majemadari wa Athene walikuwa kumi, na shauri lao likagawanyika, watano huku na watano huku, mpaka Miltiades alipomvuta Callimachus, amiri wa vita, upande wa wale waliotaka kupigana. Walikuwa yapata watu 10,000, na Waplataea 1,000 pamoja nao. Kwa kuwa walihofu kuzungukwa, waliinyosha safu yao iwe ndefu kama ya Waajemi. Katikati pakawa pembamba, lakini mbavuni pakawa na nguvu. Wakaenda mbio kuwaelekea wapiga upinde. Waajemi wakavunja katikati. Mbavu mbili zikashinda, zikageuka, zikawakumba wale waliokuwa katikati. Herodotus ahesabu waliokufa: Waajemi 6,400, Waathene 192. Hesabu ya pili twaweza kuiamini, maana walizikwa pamoja chini ya tuta moja lililopo hata leo, na majina yao yaliandikwa kabila kwa kabila.

Hapa sharti tuseme juu ya yule tarishi. Neno marathoni limeingia katika Kiswahili kwa mbio, na vijana wa Kenya na Tanzania wamelijua kwa wakimbiaji wao kabla ya kusikia kwamba ni jina la mahali. Huambiwa kuwa mtu mmoja alikimbia toka vitani mpaka Athene, akatangaza ushindi, akafa. Herodotus hana habari hiyo. Ni Plutarch aliyeileta, baada ya karne nyingi, naye ampa mtu huyo jina lingine. Alichokiandika Herodotus ni kikubwa zaidi: kwamba kabla ya vita tarishi Philippides, ambaye wengine humwita Pheidippides, alitumwa Sparta kuomba msaada, mwendo wa kilomita 240 hivi, akafika siku ya pili. Wasparta walisema watakuja, lakini si kabla ya mwezi mpevu, kwa ajili ya sikukuu yao. Walipofika, watu 2,000, vita vilikuwa vimekwisha. Wakaomba kuwaona wafu wa Kiajemi, wakawasifu Waathene, wakarudi kwao.

Dario akafa mwaka 486 K.K., na kazi ikamwangukia Xerxes. Matengenezo yake yalichukua miaka: mfereji ulichimbwa nyuma ya mlima Athos, ambapo merikebu za baba yake zilivunjikia, na madaraja mawili ya merikebu zilizofungwa pamoja yakatandazwa juu ya mlango wa bahari wa Hellespont. Dhoruba ilipoyavunja madaraja ya kwanza, ndipo alipoamuru bahari ipigwe mijeledi 300. Wayunani walicheka, lakini mtu apimaye mambo ataona kuwa madaraja ya pili yalisimama, na jeshi zima likavuka.

Jeshi hilo lilikuwa kubwa kiasi gani? Herodotus asema ya kuwa watu 10,000 walisongamanishwa mahali pamoja, ukajengwa ukuta kuwazunguka, kisha wakatolewa na wengine wakaingizwa, mpaka zizi hilo likajazwa mara 170. Hivyo akapata askari wa miguu 1,700,000, na pamoja na mabaharia na watumishi wote akafika 5,283,220. Twawashauri walimu wasiifundishe hesabu hii kuwa kweli. Jeshi la namna hiyo halingepata maji ya kunywa, wala mkia wake haungetoka Asia kabla ya kichwa kufika vitani. Wataalamu wa leo hawapatani, lakini wengi hawapandi juu ya 300,000, na wengine hushuka chini sana. Hata hivyo lilikuwa kubwa kupita jeshi lolote ambalo Wayunani wangeweza kulikusanya. Tena si Wayunani wote waliokusanyika. Thesalia ilijiweka chini ya mfalme, na Thebe baadaye. Na katika merikebu za Xerxes, pamoja na zile za Tiro na Sidoni na za Misri, zilikuwamo nyingi za Wayunani wa Ionia.

Habari za Thermopylae, mwaka 480 K.K., zajulikana, nasi hatutazirefusha. Jina lake ni milango ya maji moto, kwa chemchemi zilizoko. Wakati ule njia ilikuwa nyembamba baina ya mlima na bahari. Leo mto Spercheios umeleta udongo mwingi hata bahari iko mbali. Wanafunzi huambiwa kwamba Wasparta 300 walilizuia jeshi la dunia nzima. Kweli ni kwamba hapo kwanza walikuwapo Wayunani yapata 7,000, nao walishika njia siku mbili, mpaka mwenyeji mmoja, Ephialtes, alipowaonyesha Waajemi njia ya mlimani. Leonidas akawaruhusu wengi waondoke. Pamoja na Wasparta wake walibaki Wathespia 700, kwa hiari yao, nao wakafa wote. Mji wa Thespiae ulikuwa mdogo. Watu 700 ni kana kwamba kijiji kizima kimetoka na hakuna aliyerudi. Twaomba jina lao likumbukwe, maana tutalihitaji tena.

Mfalme aliamuru kichwa cha Leonidas kikatwe na kutundikwa mtini. Herodotus ashangaa, kwa sababu, asema, hajui watu wawapao heshima mashujaa wa vita kuliko Waajemi.

Njia ya Athene ikawa wazi. Mji ukahamwa, wanawake na watoto wakavushwa bahari, na mahekalu yakachomwa, malipo ya Sardi. Lakini miaka mitatu kabla ya hayo fedha nyingi ilikuwa imeonekana katika machimbo ya Laurium, na watu walitaka kuigawana, kila mtu fungu lake. Themistocles aliwashawishi wajenge merikebu badala yake. Kwa hiyo Athene ilikuwa na merikebu za vita karibu 200, zenye safu tatu za makasia na pembe ya shaba penye omo ya kutobolea merikebu ya adui. Wapiga makasia wengi walikuwa watu huru maskini, ambao hawakuweza kununua ngao na mkuki. Vitabu husema kuwa huu ulikuwa ushindi wa watu huru juu ya watumwa. Na iwe hivyo. Ila fedha iliyozijenga merikebu hizo ilichimbwa na watumwa, gizani, chini ya ardhi.

Merikebu za Wayunani zilikusanyika Salamis, kisiwa kilicho mbele ya Athene. (Huu si ule mji wa Salami wa Kipro aliposhukia Paulo na Barnaba.) Majemadari wakagombana. Wapeloponeso walitaka kurudi nyuma kwenye shingo ya nchi, wakailinde miji yao. Themistocles aliona kwamba penye bahari pana wataangamia, lakini katika mlango mwembamba wa Salamis wingi wa adui utamdhuru adui mwenyewe. Akawatisha kuwa Waathene watapakia jamaa zao na kuhamia Italia. Alipoona maneno hayatoshi, akafanya hila. Usiku alimtuma mtu wake, Sicinnus, kwa majemadari wa Waajemi, awaambie kuwa Wayunani wanataka kutoroka, na kwamba bwana wake, anayemtakia mfalme mema, awashauri wazibe njia.

Sicinnus huyu alikuwa mtumwa wa nyumbani, mlezi wa watoto wa Themistocles. Wayunani humwita mtu wa kazi hiyo paidagogos, ndilo neno ambalo Paulo alilitumia juu ya torati katika Wagalatia 3. Alipanda mashua peke yake, akaingia kati ya adui, akasema uongo wake, akarudi. Angalikamatwa, hakuna ambaye angalijua jina lake. Baadaye Themistocles alimtajirisha, na mji wa Thespiae, ambao watu wake walikufa Thermopylae, ulipokuwa ukipokea raia wapya kujaza nafasi zao, ukampokea Sicinnus awe mmoja wao.

Waajemi walisadiki. Wakapiga makasia usiku kucha kuziba njia, na asubuhi wakaingia katika mlango wa bahari wakiwa wamechoka. Xerxes alikaa chini ya mlima Aigaleos, na waandishi karibu naye, waandike jina la kila nahodha atendaye vema. Merikebu za mbele zilipopigwa zikataka kurudi. Za nyuma, kwa kutaka kuonekana na mfalme, zikasonga mbele. Zikagongana zenyewe kwa zenyewe. Wengi walizama kwa kutojua kuogelea. Katikati ya msukosuko Artemisia, malkia wa Halicarnassus, ambaye alikuwa amemshauri mfalme asipigane huko, alifukuzwa na merikebu ya Athene. Akaitoboa na kuizamisha merikebu ya rafiki zake iliyomzuia njia. Mwathene akadhani kuwa huyu ni wa upande wake, akamwacha. Na mfalme mlimani akadhani kuwa amezamisha adui, akamsifu kupita wanaume wote. Kumbuka ya kuwa Artemisia alikuwa malkia wa mji aliozaliwa Herodotus. Yamkini aliisikia hadithi hii utotoni.

Xerxes akarudi Asia, akamwacha Mardonius na jeshi teule. Mwaka 479 K.K. walikutana na Wayunani Plataea, chini ya Pausanias wa Sparta. Humo walikuwamo Wasparta 5,000, na kila mmoja wao akifuatwa na watumwa saba wa mashambani, jumla 35,000. Watu wa Thebe walipigana upande wa Mardonius, Wayunani juu ya Wayunani. Mardonius aliuawa, na jeshi lake likavunjika. Mtu mmoja wa Aegina alimshauri Pausanias amtundike maiti Mardonius, kama alivyofanyiwa Leonidas. Pausanias akakataa, akasema hayo ni mambo ya barbaroi kuliko ya Wayunani, na hata kwa barbaroi yachukiza.

Wenye kukisoma kitabu cha Esta waitazame miaka. Karamu kuu ya Shushani ilikuwa katika mwaka wa tatu wa Ahasuero, yaani 483 K.K.; Esta aliingizwa kwa mfalme katika mwezi wa kumi wa mwaka wa saba, yaani mwishoni mwa 479 au mwanzoni mwa 478. Kitabu hakisemi neno juu ya miaka iliyo katikati. Thermopylae, Salamis na Plataea ziko humo. Herodotus, kwa upande wake, amjua mke wa mfalme kwa jina la Amestris tu, wala hamtaji Esta. Mashahidi wawili wamtazama mtu mmoja, na kila mmoja anyamazia kile ambacho mwenzake akiona kuwa kikuu.

Na lile neno barbaroi tulifasirije? Tumeona si mara moja likiandikwa "washenzi", nasi hatupendezwi. Luka alilitumia, katika Matendo 28, juu ya watu wa Melita waliowawashia moto waliovunjikiwa merikebu; Paulo alilitumia, katika 1 Wakorintho 14, juu ya watu wawili wasiosikilizana lugha, kila mmoja akiwa barbaros kwa mwenzake. Hiyo ndiyo maana yake ya kale. Penye historia ya vita hivi twaona afadhali kusema "wageni", au "watu wa lugha nyingine", na mwalimu aeleze kwa kinywa jinsi neno lilivyogeuka. Hata Aeschylus, aliyepigana Marathon na ambaye ndugu yake aliuawa huko, alipotunga mchezo wake juu ya Salamis, mwaka 472 K.K., hakuwaleta Wayunani wakifanya shangwe. Aliwaleta wazee wa Uajemi huko Shushani, wakingoja habari, na mama wa mfalme, na maombolezo yao; nao Waathene waliketi wakatazama.

Katika nyara za Plataea Wayunani walitengeneza kiweko cha dhahabu chenye miguu mitatu juu ya nguzo ya shaba ya nyoka watatu waliosokotana, wakakiweka Delphi. Pausanias aliandikisha juu yake jina lake peke yake, kwamba ndiye aliyewaangamiza Waajemi. Wasparta wakayafuta maneno hayo, wakachora majina ya miji iliyopigana, 31 kwa hesabu. Nguzo ilihamishwa na Konstantino mpaka mji wake mpya, nayo yasimama Istanbul hata leo, ijapokuwa vichwa vya nyoka vimekatika. Thespiae umo. Tenos nao umo, kisiwa kidogo ambacho merikebu yake moja ilikuwa katika jeshi la Xerxes, ikavuka usiku ule kabla ya Salamis kuja kuwaambia Wayunani kwamba kweli wamezungukwa.